Hosteli ina geti, ina mlinzi, ina kamera, na laptopu bado zinaondoka. Nani anaingia?

#1 Kijana wa Mburahati
Wakuu salaam. Nipo mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dar, jina niacheni nalo. Bloku yetu ina ghorofa nne, mlango mmoja mkuu wa kuingilia, mlinzi mchana na usiku, kamera juu ya ngazi. Tangu muhula uanze vyumba vitatu vya korido yetu vimepigwa. Hakuna mlango uliovunjwa, hakuna wavu uliochanwa. Mtu anatoka saa nne asubuhi kwenda kipindi, akirudi saa saba anakuta mlango umefungwa vilevile alivyouacha, ila laptopu haipo, chaja haipo na begi lake halipo. Chumba kimoja kulikuwa na simu inachajiwa mezani, haikuguswa.

Tulikaa kikao na wadeni, msimamizi wa hosteli, akatuambia tufunge milango. Milango ilikuwa imefungwa!

Msimamo wangu: huyu mtu analala humu humu ndani. Wa nje hawezi kujua kwamba Jumanne watu wa kozi yetu wote tuko kwenye semina. Nipingeni.

#2 Binti Ngara
Pole sana. Chumba chenu kina vitanda vingapi na mnalala wangapi?

#3 Kijana wa Mburahati
Vitanda vinne, tunalala sita. Kama vyumba vyote.

#4 Mzee wa Pugu Road
Basi umeshajijibu. Mnabebana. Kwa ambao hamjapita vyuo vyetu: aliyekosa chumba analala kitanda kimoja na aliyepata, huyo ndiye mbebwa. Na mbebwa hawezi kusubiri mlangoni mwenzake atoke maktaba, kwa hiyo anapelekwa Mwenge kuchongewa ufunguo wake. Mwaka ukiisha chuo kinadai ufunguo mmoja kwa kila kitanda, ule kilioutoa chenyewe. Zile za kuchonga zinaondoka na wenyewe mpaka Tabora. Baada ya miaka mitano, chumba kimoja kina funguo kumi na kitu huko duniani na kitasa hakijabadilishwa hata mara moja. Hesabu mwenyewe.

#5 Binti Ngara
#4 hilo la funguo nakubali, lakini tusiwatwishe wabebwa mzigo wote. Anayebebwa mara nyingi ni yule aliyekosa mkopo au aliyepata kidogo, geto (chumba cha kupanga) la Sinza hawezi kulipa. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilifunguliwa Aprili 2017, bloku 20, nafasi 3,840, na bado watu wakaendelea kubebana, kwa sababu wanafunzi wa pale ni wengi mno kuliko vitanda. Mbebwa naye laptopu yake inaibiwa, tena yeye hawezi hata kwenda kuripoti kwa wadeni, maana atajitaja kwamba analala pale kinyume cha utaratibu.

#6 Fundi Vitasa
Naongea kama fundi, vitasa ndiyo mkate wangu.

Vitasa vya majengo kama hayo hununuliwa kwa jumla, maboksi ya aina moja, tena bei ya chini. Kitasa cha bei ya chini ndani kina leva mbili au tatu tu. Leva zikiwa chache, michongo inayowezekana nayo ni michache, hivyo kiwanda kinajirudia. Chukua ufunguo wako, ita wenzako wa korido wasimame hapo, ujaribu mlango baada ya mlango mbele yao. Nimeshafanya kazi kwenye jengo ambalo ufunguo wa chumba cha tatu ulifungua cha kumi na moja bila hata kutikiswa.

Halafu kuna ufunguo malaya, ule mmoja unaofungua milango yote. Jengo kubwa halikosi, unakaa kwa wadeni au ofisi ya miliki, wanaosimamia majengo. Muulizeni: upo mmoja au mitatu? Nani anasaini akiuchukua, na akiurudisha anasaini nani?

Mwisho, angalieni tundu la ufunguo kwa tochi. Kitasa kilichochokonolewa kwa waya kinabaki na mikwaruzo mipya inayong'aa kwenye midomo ya tundu. Kama pako safi, mtu alikuja na ufunguo.

#7 Chumvi ya Bahari
Fundi unajua mno bwana. Jumanne saa nne asubuhi ulikuwa wapi?

#8 Fundi Vitasa
Hahaha #7, nilikuwa Tandika nabadilisha silinda, mashahidi ninao.

#9 Lindo la Usiku
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimelinda hosteli za vyuo kwa miaka kabla sijarudi Kilosa kulima, kwa hiyo niwaambie lindo lenyewe lilivyo.

Tunaingia saa kumi na mbili, tunatoka saa kumi na mbili. Kukabidhiana lindo si kupeana mkono: mnahesabu funguo, tochi, filimbi, rungu, mnasoma kitabu cha matukio, mnasaini. Muda huo macho yote mawili yako kitabuni, na asubuhi ndiyo saa ambayo jengo zima linatoka. Anayetaka kupita anajua.

Mwizi wa hosteli havai kama mwizi. Amechana nywele, begi mgongoni, spika za masikioni, anakusalimu vizuri kuliko wote. Katika miaka yangu yote mwizi hajawahi kunitolea lugha mbaya. Wanaonitolea lugha mbaya ni wenye vitambulisho: "Mzee hunijui? Kila siku si napita hapa?" Ukimsimamisha binti wa mwaka wa tatu kwa kitambulisho, kesho kiongozi wa bloku anakuja kulalamika unanyanyasa watu. Mwishoni unaacha kuuliza. Ukishaacha kuuliza kwa mmoja umeacha kwa wote.

Laptopu nayo: saa mbili asubuhi watu mia mbili wanatoka na laptopu. Nitajuaje ya nani ni ipi? Tulikuwa na daftari la kuandikisha namba za mashine getini, ukitoka unaonyesha mashine na kadi. Wizi ulishuka. Lakini foleni ikawa ndefu, watu wakachelewa mitihani, daftari likafutwa.

#10 Mtoto wa Iyunga
Mzee #9 heshima kwako, lakini tuseme na upande wa pili. Kwetu walinzi walikuwa wanalala kuanzia saa nane usiku, na wengine ukiwapa elfu mbili unaingiza hata ng'ombe.

#11 Lindo la Usiku
Mwanangu hujasema uongo, na mimi ninawajua waliofanya hivyo. Ila uliza kwa nini. Kampuni ya ulinzi inapata tenda kwa sababu imetaja bei ya chini kuliko wenzake. Bei hiyo inatoka kwenye mshahara wa mlinzi. Mshahara ukichelewa miezi miwili, yule aliyesimama getini kwako hajala tangu asubuhi, na anayempita ana boom, hela ya kujikimu ya mkopo, mfukoni. Simtetei mla rushwa. Nasema chuo kimenunua ulinzi wa bei hiyo na kimepata ulinzi wa bei hiyo.

#12 Mzee wa Pugu Road
Kwa hiyo sasa tuna maelezo matatu: funguo za zamani, vitasa vinavyofanana, na lindo lenye njaa. Kijana wa Mburahati bado anasema ni wa ndani. Ile simu iliyoachwa inanisumbua. Mwizi wa nje anabeba simu kwanza, ni ndogo.

#13 Chumvi ya Bahari
Simu inafuatilika, mzee. Unabonyeza *#06# unapata IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ukiwa nayo polisi wana pa kuanzia. Laptopu ikifutwa na kuwekewa programu upya ni ya yeyote. Huyo mtu anajua anachobeba.

#14 Wakili Mtarajiwa
Hapo hapo kwenye polisi. Wengi wenu mkiibiwa mnakata loss report mtandaoni mnaondoka. Loss report ni ya kitu kilichopotea. Kikiibwa nenda kituoni ufungue kesi upewe RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na uende na risiti au picha ya namba ya mashine. Bila kesi hakuna wizi uliotokea, na chuo kinaweza kusema mwaka huu hosteli zake zilikuwa shwari.

#15 Kijana wa Mburahati
Asante #14, wawili kati yetu walikata loss report tu, nimewarudisha kituoni leo.

#6 tumejaribu funguo mbele ya watu kumi. Ufunguo wa chumba chetu umefungua chumba cha mwisho karibu na choo. Mpaka sasa korido yote haijatulia.

Tumekubaliana hivi: tunachanga, fundi wa chuma anakuja kuweka nondo madirisha yote ya korido, na mlango wa ngazi ya nyuma tunauwekea mnyororo na kufuli kuanzia saa nne usiku, ufunguo anashika mwenyekiti wa korido. Mwizi atakuwa na njia moja tu.

#16 Zima Moto Moshi
Kijana, simamisha huo mchango. Leo hii.

Mimi ni mtu wa Rombo. Juni 1994 bweni la wasichana la Shauritanga liliungua usiku, watoto 42 wakafa. Madirisha yalikuwa na nondo. Waliofika kuokoa walisimama upande wa pili wa hizo nondo. Agosti 2009 Idodi kule Iringa, wasichana 12, moto wa mshumaa. Wenzetu Kenya, Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67: petroli ilimwagwa, mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na kufuli.

Sasa nyinyi mmelala sita kwenye chumba cha wanne, nina hakika mna ekstensheni moja inayobeba hita, pasi, jiko la koili na chaja sita, na mnataka kufunga ngazi ya nyuma kwa mnyororo halafu ufunguo akalale nao mwenyekiti. Yeye akiwa ameenda kwao Jumamosi je?

#17 Mtoto wa Iyunga
Mkuu #16, hizo ni shule za sekondari, mabweni ya chini. Hawa wako ghorofani, chuo kikuu, watu wazima.

#18 Zima Moto Moshi
Ghorofa ndiyo inazidisha, haipunguzi. Moshi unapanda na ngazi. Ukiwa ghorofa ya tatu na ngazi ya mbele imejaa moshi, ile ya nyuma ndiyo uhai wako. Na utu uzima hauzuii shoti ya umeme.

#19 Mkamba wa Thika Road
Hamjambo majirani. Nasoma huu uzi nikiwa Nairobi, niongeze kwenye alichosema #16. Baada ya Kyanguli na mengine, serikali yetu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwenda nje, isifungwe wanafunzi wakiwa ndani, nafasi kati ya vitanda iwe mita 1.2. Mwongozo mzuri sana. Septemba 2017 Moi Girls Nairobi ikaungua. Septemba 2024 Endarasha, Nyeri, watoto 21. Mwongozo uko kwenye rafu.

#20 Kamanda Mstaafu
Ndugu zangu mnazungusha. Dawa ni moja: bunduki getini. Polisi wenye silaha saa zote, ukuta mrefu, waya wa miba juu. Mlinzi wa rungu anamzuia nani?

#21 Mkamba wa Thika Road
#20, Chuo Kikuu cha Garissa, huku Kenya, tarehe 2 Aprili 2015, kabla hakujapambazuka. Washambuliaji wanne. Wa kwanza kufa walikuwa walinzi wa geti, hawakuwa na silaha, kwa hiyo kuhusu rungu uko sawa. Lakini walipoingia walielekea hosteli, kwa sababu saa hiyo watu wengi wako sehemu moja, wamelala. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Makomando walitoka Nairobi na mchana ulikuwa umefika. Msichana mmoja alikaa kabatini siku mbili, akinywa mafuta ya kupaka kwa kiu.

Kilichofuata ndicho watu wanakisahau. Siku kumi baadaye bweni moja la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kikuyu, magaidi walilipua mlango alfajiri, watu wakaruka ghorofani, mmoja akafa, zaidi ya mia wakaumia.

#22 Komredi wa Zamani
Nakurekebisha mkuu. Kikuyu hakukuwa na gaidi. Kilicholipuka ni umeme, hitilafu ya nyaya, na watu waliosikia mlipuko walikuwa na Garissa kichwani. Waliruka kwa sababu walidhani wamefikiwa. Mengine uliyosema ni sawa, Aprili 12, yule mmoja aliyekufa na majeruhi zaidi ya mia.

#23 Mkamba wa Thika Road
Sawa komredi, asante. Hiyo inaipa hoja uzito zaidi. Hakuna adui aliyeingia na bado mtu alikufa. Na Novemba mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, walifanya zoezi la mashambulizi ya kuigiza bila watu wote kujua ni zoezi, risasi zikasikika, watu wakaruka madirishani, mfanyakazi mmoja akafariki. Watu hawakuambiwa watoke vipi na wapi, basi.

#24 Kamanda Mstaafu
Bado nasema silaha. Hayo ya hofu ni mafunzo, yanafundishika. Huwezi kumfundisha gaidi aogope rungu.

#25 Dada wa Nkuhungu
Nimesoma kutoka juu. Laptopu, nondo, bunduki. Nafasi ya wanawake mmeiruka, ngoja niiseme.

Nilisoma Dodoma. Kutoka maktaba hadi hosteli ni mwendo, upepo, giza, na taa za njiani zinawaka tatu zinazimika tano. Tulikuwa tunasubiriana tuwe wanne ndiyo tutoke. Ukiwa peke yako unaacha kusoma saa mbili, mwenzako wa kiume anasoma mpaka saa sita. Matokeo yakitoka mnalinganishwa.

Halafu huyo wa kuogopwa si wa kuruka ukuta. Ni mtu mnayefahamiana. Rafiki yangu alisumbuliwa muhula mzima na kijana waliyeachana. Getini anaandikwa kwenye daftari la wageni, mwisho wa wageni saa nne usiku, anaandika jina la rafiki yangu kama mwenyeji, mlinzi anampitisha. Hakuna aliyewahi kumpigia mwenyeji kumuuliza kama anamtaka huyo mgeni. Tulipokwenda ofisini tukaambiwa ni mambo ya mapenzi, mkayamalize. Baadaye matroni mmoja, Mungu ambariki, alichukua kalamu akaandika kwenye daftari la geti jina la yule kijana na maneno "asiingie". Ikaisha siku ile.

#26 Binti Ngara
#25 umenena. Siku hizi vyuo vina madawati ya jinsia, ila ukiuliza wanafunzi kumi dawati liko chumba namba ngapi, hupati hata mmoja anayejua. Liandikwe mlangoni kwa mlinzi, liandikwe chooni.

#27 Mkongwe wa Mlimani
Mnaosema haya ya leo, sisi tuliyaona. Mlimani kulikuwa na Mzee Punch, karatasi za ukutani, hazina jina, zinamchora mtu na kumdhalilisha, na wanawake ndio waliokuwa wanaandamwa zaidi. Februari 1990 mwanafunzi wa kike alijiua baada ya kuandamwa na kundi hilo. Alikuwa analala hosteli ya chuo yenye mlango na kitasa kama sisi sote. Chuo kikafungwa kwa ajili hiyo, na Punch ikapigwa marufuku.

#28 Wakili Mtarajiwa
Mzee wangu, kwa heshima. Chuo kilifungwa Mei 1990, na sababu ilikuwa mgomo wa wanafunzi dhidi ya serikali. Msiba wa Februari ulikuwa na uchunguzi na adhabu zake. Ni mambo mawili ya mwaka mmoja.

#29 Mkongwe wa Mlimani
Umri huo. Mei, ndiyo, tulirudishwa nyumbani kwa mgomo. Punch ilipigwa marufuku hapo kati. Lililo kuu linabaki: walinzi walikuwepo wakati wote na hakuna aliyemlinda yule binti, kwa sababu lindo lilikuwa linatazama nje.

#30 Mswahili wa Philadelphia
Salaam kutoka Pennsylvania. #25 na #29 mmenikumbusha kisa cha huku. Lehigh, chuo kiko jimbo hili hili. Aprili 1986 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Jeanne Clery, aliuawa chumbani kwake hosteli. Aliyemuua alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Milango ya jengo ilikuwa ya kujifunga yenyewe, lakini wanafunzi walikuwa wameiegesha wazi kwa maboksi ya piza ili marafiki zao wasisumbuke kugonga. Alipita tu.

Wazazi wake hawakuishia kulia. Walidai chuo kilipaswa kuwaambia wazazi kuhusu matukio yaliyotangulia. Mwaka 1990 sheria ikapita, inaitwa kwa jina lake. Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu lazima kila mwaka, kabla ya Oktoba kuanza, kitoe hadharani takwimu za miaka mitatu: wizi wa kuvunja, ubakaji, mauaji, moto wa hosteli. Na kukiwa na hatari inayoendelea, kiwatangazie wanafunzi mapema.

#31 Mtoto wa Iyunga
Na sheria hiyo imezuia nini? Virginia Tech si waliuawa 32 mwaka 2007?

#32 Mswahili wa Philadelphia
Kweli kabisa, Aprili 16. Na ilianzia hosteli. Wawili walipigwa risasi bwenini baada ya saa moja asubuhi, barua pepe ya kwanza ya tahadhari ikatoka saa tatu na dakika ishirini na sita, wakati wengine wanaingia madarasani. Chuo kilitozwa faini kwa kuchelewa. Sisemi sheria inazuia risasi. Nasema mzazi wa hapa akitaka kujua hosteli fulani iliibiwa mara ngapi mwaka jana anasoma. Mzazi wa Mburahati atasoma wapi?

#33 Wakili Mtarajiwa
Hapo nakuunga mkono moja kwa moja. Chuo chetu kinapeleka ripoti za kila kitu kwa wakubwa. Idadi ya laptopu zilizoibwa hosteli haimo kwenye ripoti yoyote inayobandikwa ukutani.

#34 Mzee wa Pugu Road
Chuo hakitaandika. Kitakosa wanafunzi. Kama kila kimoja hakiandiki, hakuna atakayeanza.

#35 Lindo la Usiku
Kitabu cha matukio kipo, wakuu. Kila lindo lina kitabu. Matukio yote tuliyaandika kwa mkono wetu, tarehe, saa, chumba. Kikijaa kinapelekwa ofisini na tunapewa kingine. Takwimu zipo, zimo kabatini.

#36 Kijana wa Mburahati
Narudi na taarifa. Nondo tumesimamisha, mnyororo pia, baada ya #16 kuninyima usingizi. Korido nzima tumekwenda ofisini na ule ufunguo wetu, tukafungua chumba cha mwisho mbele ya mtu wa miliki. Hakusema kitu kwa muda. Amekubali vitasa vibadilishwe, lakini anasema bajeti ni ya mwaka ujao, tukitaka sasa tununue wenyewe na ufunguo mmoja wa akiba tumkabidhi. Nusu ya korido wanasema sawa, nusu wanasema kitasa ni mali ya chuo, kwa nini tulipe sisi. Na kuna mmoja anasema ukimkabidhi wa akiba tumerudi palepale pa ufunguo malaya.

Kuhusu mwizi: kamera tuliomba picha. Inarekodi, ila inajifuta kila baada ya siku chache. Tulichelewa.

#37 Chumvi ya Bahari
Kamera inayojifuta kabla kikao hakijakaa. Hiyo naiweka kwenye orodha ya washukiwa.

#38 Binti Ngara
Msilipe. Mkilipa mwaka huu, mwaka kesho kitasa kitaingia kwenye ada.

#39 Mzee wa Pugu Road
Walipe! Laptopu moja ni bei ya vitasa vya korido nzima. Kudai haki baadaye na risiti mkononi.

#40 Kamanda Mstaafu
Na huyo wa chumba cha mwisho mmemuuliza? Ufunguo unaofungua chake unafungua chenu, basi na wake unafungua chenu.

#41 Kijana wa Mburahati
#40, wa chumba cha mwisho ndio walioibiwa wa kwanza. Tulijaribu wao kwetu, haukufungua. Fundi hiyo inawezekana?

#42 Fundi Vitasa
Inawezekana kabisa. Ufunguo uliolika kwa kutumika unalegea, unapita kwenye vitasa ambavyo mpya haupiti. Kwa hiyo wenye funguo za zamani wana milango mingi kuliko wenye mpya.

Mkiamua kununua: chukueni chenye leva tano au cha silinda, na upande wa ndani kiwe na kitufe cha kuzungusha kwa mkono, mtu aliye ndani atoke bila kutafuta ufunguo gizani. Msinunue boksi moja la aina moja kwa korido nzima. Nunueni maduka tofauti.

#43 Zima Moto Moshi
Fundi Mungu akubariki kwa hicho kitufe. Kijana, andikeni 114 mlangoni, ndiyo namba ya Zimamoto. Na ile ekstensheni?

#44 Kijana wa Mburahati
Hita mbili tumezitoa. Jiko la koili bado tunabishana, mwenye nalo ni mbebwa na ndiye anayetupikia.